Diski Haiingii Ukweni Uchi

Skola alinipigia simu mwezi uliopita, na kama kawaida yake hakupoteza muda kwenye salamu. "Da' Tatu, ile deki yako ya DVD bado ipo?" Nikamjibu kwamba ipo na inawaka, kwa sababu kitu kilichopita mikononi mwangu hakifi ovyo. "Basi njoo nayo Matombo. Namwoza mwanangu, na mama amesema bila wewe na hiyo deki harusi haianzi." Vijana wangu pale ukumbini walicheka waliponiona naifuta vumbi. Mmoja wao, mwenye kamera inayoruka angani kama kipanga, na anayedhani dunia ilianza siku aliyoinunua, akaniuliza, "Bosi, hiyo inaingiaga nini?" Nikamwambia inaingiaga adabu. Leo nina ukumbi wa sherehe, nina mafundi chini yangu, na jina langu ukilitaja kuanzia Mwembesongo mpaka Dakawa mtu atakuelekeza kwangu bila kuuliza mara mbili. Lakini yote hayo yalichipuka katika mwaka mmoja tu, na sehemu kubwa ya mwaka huo niliimaliza ndani ya chumba kimoja cha mbele, nikipambana na diski zilizokataa kusoma.

Habari za nilikozaliwa na nani alinilea niziache, hapa hazina kazi. Inatosha kusema kwamba nilikwenda Maskati nikiwa msichana, nikafanya kazi kwenye nyumba za watu, na akiba ambayo wenzangu walinunulia bangili za dhahabu mimi nikaipeleka chuoni Dar es Salaam. Nikasoma elektroniki. Walimu walinitazama kama mtu aliyepotea njia ya kwenda darasa la ushonaji, mpaka matokeo yalipotoka. Diploma ile niliilipia mwenyewe, na hadi leo imetundikwa mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuiona. Niliporudi Morogoro nilikuja na kamera ya video, kompyuta yenye uwezo wa kuchoma DVD, na deki moja nyeusi niliyoibeba mapajani njia nzima. Ulikuwa wakati ambao watu walianza kuzichoka kanda kubwa za video. Kila mwenye sherehe alitaka DVD, na kwa mtaa ule mzima mtu aliyejua kinachofanyika ndani ya ile mashine, si kubonyeza tu, alikuwa mimi.

Nilipanga chumba cha mbele kwa Bi Sikudhani, mpambaji wa maharusi. Kilikuwa chumba chenye kioo kikubwa kilichozungukwa na taa, cherehani, mabunda ya lesi, na harufu ya hina na udi iliyoingia hata kwenye nywele zangu. Meza yangu ilikaa pembeni, kompyuta ikifunikwa kitambaa cha kufuma ambacho Bi Sikudhani alikifuma kwa kuionea huruma, eti inakaa wazi kama mtu asiye na kwao. Katikati lilining'inia pazia, na nyuma ya pazia ulikuwa ua ambako wanawake walikaa wakikuna nazi, wakichambua mchele na kuchambua watu. Mimi nilifanya kazi masikio yakiwa uani. Nilijua nani kaachika kabla yeye mwenyewe hajajua. Bi Sikudhani alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mluguru, kwa hiyo sisi ni watani na hapakuwa na siku iliyopita salama. Akiniletea uji asubuhi husema, "Amka wewe, mtu wa mlimani. Watu wanaolima kwenye miteremko, mpaka kuku wanamfunga kamba asiporomoke!" Nami humjibu, "Asante mpagazi, tua mzigo hapo uondoke." Akicheka, kifua chake chote kilicheka. Nilimpenda mwanamke yule, ingawa kwa kujisifu alinizidi, na mtu wa kunizidi kwa hilo ni wa kutafutwa kwa taa.

Sasa, Bi Sikudhani alikuwa na mtindo wake, nao ulienea mjini kama moto wa nyasi. Aliuita kuvalisha diski. Siku ya kwanza nilipomaliza DVD ya harusi mbele yake, aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaona ile sura yake nyeupe isiyo na kitu. "Hii ndiyo inakwenda kwa mama mkwe?" akauliza. "Hivi hivi? Shoga yangu, diski haiingii ukweni uchi." Akachukua picha ya maharusi, akaikata duara, akapika gundi ya unga wa ngano kwenye kikopo, akaibandika juu ya diski. Pembeni akazungusha puleki, na juu ya picha akaandika majina kwa piko, herufi za kujikunja kama za viganjani mwa bibi harusi. Ilipendeza, nisiseme uongo. Kuanzia siku ile mteja akija anauliza, "Na kuvalishwa ipo?" Utaratibu ukawa huo: mimi nachoma, naijaribu kwenye deki mwanzo hadi mwisho, naipitisha upande wa pili wa chumba, Bi Sikudhani anaivalisha, anaifukiza udi kidogo, na inatoka kwenda kwa wenyewe huku wanawake wakipiga vigelegele kana kwamba mwali katoka ndani.

Masika yalipoanza kushika, malalamiko yakaanza kushuka kutoka mlimani. Yalikuja na malori ya ndizi. Dereva mmoja alikuwa anasimamisha lori mbele ya mlango wetu na kupaza sauti ili mtaa mzima usikie: "Fundi! DVD zako zinaogopa mlima! Kule Matombo zinaanza vizuri, zikifika mwisho zinaganda!" Nikamwambia waangalie umeme wao. Wiki nyingine akarudi: "Fundi, wazee wanasema milima imekataa. Wanasema harusi ya watu ukiitia kwenye sahani, mizimu inabaki na kipande chake." Uani wakaichukua hiyo. Nikawasikia nyuma ya pazia, mmoja akisema kwamba msichana aliyekaa Uarabuni harudi peke yake, na mwingine akimjibu, "Basi hilo jini lake nalo lina diploma?" Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka mbali sana kuja kuitwa mwanamke wa majini. Fundi akishapoteza jina mtaani, hata akitengeneza jua watu watasema linawaka upande.

Kilichoniinua kwenye kiti ni ujumbe wa Mama Skola. Nilikuwa nimepiga video ya harusi ya binti yake, huyu huyu Skola, alipoolewa na kijana wa Dakawa ambaye kwao ni wakulima wa mpunga. Dereva safari hii hakupaza sauti. Alishuka, akavua kofia. "Yule mama wa Matombo amefiwa na kaka yake, mzee Kobelo. Anasema ile DVD ya harusi inaganda pale pale kaka yake anaposema. Anakuomba, fundi. Anasema kwa Mungu na kwa watu, anakuomba."

Nilimkumbuka mzee Kobelo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo siku ya harusi mwenye kauli ni mjomba. Alisimama akiwa na koti la rangi ya udongo na fimbo, akazungumza, na watu wakashangilia. Ila alichosema sikukijua, kwa kuwa mtu aliyeshika kamera husikiliza mwanga, hasikilizi maneno. Kanda nilikuwa nimeshaitumia kwa harusi nyingine kama tulivyofanya wote wa kazi ile, na kompyuta za wakati ule zilijaa upesi kama kikapu cha sokoni, lazima utoe ndipo uweke. Nakala iliyokwenda Dakawa, kwa wakwe, nilipoiulizia niliambiwa mtu aliisugua kwa dawa ya meno ili isome, ikafa kabisa. Ilibaki ya Matombo peke yake.

Nilipanda lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu, deki nimeifunga kwa khanga mbili, na begani mkoba wa vifaa vyangu. Barabara ya Matombo wakati wa mvua haifai hata kusimuliwa. Nyumba ya Mama Skola ilikuwa chini kidogo ya misheni, imezungukwa na migomba, na ukungu ulikuwa unaingia ndani kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma kama mwenyeji. Alinikaribisha kwa magimbi ya kuchemsha na chai nzito yenye mdalasini na pilipili manga, vyote vya shambani kwake. Sebuleni kila kitu kilikuwa na unyevu. Chumvi ililoa kwenye kibakuli, na kalenda ya ukutani ilikuwa imejikunja ncha zake kama jani la mgomba kwenye jua. Palikuwa na ndugu wa msiba bado, wazee kwa vijana, na Feliksi, mwanawe wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule. Alikuwa kijana mrefu, mpole, asiyejua pa kuiweka mikono yake.

"Unamwona huyo," Mama Skola akaniambia. "Siku ya kumaliza matanga huyu ndiye atakayerithishwa jina la mjomba wake. Nitamwita kaka, huyu niliyemzaa mwenyewe. Na siku hiyo atatakiwa asimame aseme neno la mwenye jina. Neno la mwisho alilosema kaka yangu mbele za watu ni lile la harusini. Mimi sikulisikia, Tatu. Nilikuwa jikoni nagawa chakula. Nilisikia vigelegele tu."

"Lakini si watu walikuwepo, mama?"

"Walikuwepo! Waulize."

Mzee mmoja akasema marehemu alizungumzia njia. Shemeji mtu akadakia, njia ipi, alizungumzia mlango. "Mlango gani? Wewe ulikuwa umeshashiba pombe ya mbege ya yule Mchaga!" "Nimeshiba mimi? Aliyelala chini ya turubai nani?" Wakaanza kugombana, na Mama Skola akanitazama kama kuniambia, umeona.

Wakawasha jenereta. Niliiweka diski kwenye deki yao. Harusi ikaanza vizuri: kanisa, keki, ngoma, wakwe wa Dakawa wakiingia na magunia ya mchele vichwani. Halafu akasimama mzee Kobelo. "Wakwe zetu," akasema, sauti yake ikajaa chumba, na wanawake wakashika vinywa. "Huyu mtoto tumewaazima. Hatujawauzia. Na wewe mjukuu wa mama yangu, ukichoka, jua kwamba ..." Hapo akaganda. Mkono juu, mdomo wazi, kipande cha shavu kimegeuka vijisanduku vya kijani. Deki ikakoroma, ikatafuta, ikashindwa. Feliksi alikuwa amekaa chini mbele ya luninga, na nikaona mkono wake mwenyewe umenyanyuka bila yeye kujua, sawasawa na wa mjomba wake, ukabaki juu.

Hapa ndipo diploma ilipofanya kazi. Mtu asiyesoma huanza na dawa, aliyesoma huanza na swali. Je, ni umeme? Nikabadilisha, nikatumia betri ya gari na kifaa changu cha kugeuza umeme. Ikaganda pale pale. Ni deki yao? Nikaweka yangu niliyoijua kama mkono wangu, pale pale. Ni hali ya mlimani, basi? Nikatoa mkobani diski yangu ya majaribio, niliyoichoma mwenyewe siku moja na ya Skola, kutoka boksi lile lile. Ikasoma mpaka mwisho bila kukohoa. Wazee wakatazamana. Milima haikuwa imekataa. Mzee mmoja akanong'ona kwamba labda mizimu haipendi maharusi tu, diski za majaribio haina neno nazo.

Nikaziweka zote mbili mezani, ya Skola na ya majaribio, nikazitazama. Zilitofautiana kwa kitu kimoja tu: moja ilikuwa uchi, nyingine imevaa. Nikainua macho, nikaiona kalenda ile ya ukutani iliyojikunja. Nikaomba kioo. Mama Skola akaniletea cha kujitazamia, nikakilaza mezani, nikaiweka diski iliyovaa juu yake, na nikaibonyeza ukingoni kwa kidole. Ikabembea. Ikabembea kama mfuniko wa sufuria uliodondoshwa. Karatasi na gundi ya ngano vilikuwa vimenyonya ukungu wa Matombo masika yote, vikavimba, vikakauka kwa moto wa jikoni, vikavimba tena, na kila mara vikiivuta diski iinuke kingo. DVD huandikwa kuanzia tunduni kuelekea nje. Ndiyo maana kanisa na keki vilisoma: vilikuwa katikati, mahali palipotulia. Mzee Kobelo alikuwa ukingoni, mahali ambapo sahani ilipanda na kushuka, na jicho la deki lilimpoteza kila lilipomfikia. Mjini kwenye ukavu karatasi ilitulia. Mlimani haikutulia.

Niliwaeleza. Halafu nikasema natakiwa kuichukua diski nikaivue ile picha na kuinyoosha, na hapo Mama Skola akaichukua kutoka mezani na kuifunga kwenye kitenge chake.

"Ukiivunja?"

"Mama, mimi nina diploma."

"Hata daktari aliyemtibu alikuwa nayo."

Akaendelea, kwa sauti ya chini, "Nikikupa ukaivunja, nimemzika kaka yangu mara mbili. Sasa hivi angalau ninamwona amenyanyua mkono." Aliyeamua ni Feliksi. "Mama, mpe," akasema. "Mimi siwezi kurithi mkono tu."

Basi nikateremka na ile diski kifuani, na njiani hofu yangu haikuwa diski. Hofu yangu ilikuwa Bi Sikudhani. Ningemwambiaje mwanamke aliyenipa chumba, uji na kitambaa cha kufunikia kompyuta, kwamba mapambo yake ndiyo muuaji? Nilimkuta uani anakata viazi vya kuanika michembe, na wenzake wote wapo. Nikamwambia waziwazi, mimi sijui kuzunguka. Kisu kikasimama. "Kwa hiyo diski zako mbovu," akasema, "lakini kosa ni la picha yangu?" Wenzake wakapiga kite. "Tatu, harusi zote za mji huu nimezivalisha mimi. Hakuna bibi harusi aliyewahi kupinda." Nikamwambia tujaribu, kama watu wenye akili. Nikachoma diski mbili za harusi moja ya mjini. Moja akaivalisha yeye kwa mkono wake, akaipamba kuliko zote alizowahi kupamba, kwa hasira. Tukazitundika zote mbili jikoni kwake, juu ya chungu kinachochemka mchana kutwa, tukizishusha jioni na kuzirudisha asubuhi, hadi alipochoka kugombana nami.

Siku ya kuzisoma alikaa kwenye kiti cha maharusi, mbele ya kioo chake, mikono kifuani. Ile ya uchi ikasoma mpaka mwisho. Ile iliyovaa ikaenda vizuri, ikaenda, kisha ikaanza kukoroma, na ilipoganda, iligandia juu ya mtu mnene aliyevaa gauni la zambarau akimfunika bibi harusi mtandio. Alikuwa ni yeye mwenyewe Bi Sikudhani, sura nusu, mdomo umepinda kama mtu aliyemeza shubiri. Nyuma ya pazia mtu akashindwa kujizuia akacheka, na Bi Sikudhani naye, baada ya kujitazama kitambo, kifua kikaanza kumtikisika. "Astaghfirullah," akasema. "Ndivyo nilivyo kwenye nyumba zote za Matombo?"

Kisha akanyoosha mkono. "Lete ya yule mama."

Nikamwambia kazi ile ni ya fundi. Ningejua pa kushika; nilikuwa nimesoma kwamba DVD ni sahani mbili nyembamba zilizobanwa pamoja, kumbukumbu ikiwa katikati yake, kwa hiyo karatasi ikitoka kwa juu haiondoki na kitu, mradi usiibandue kwa nguvu ukazitenganisha. Akanisikiliza yote, akatikisa kichwa. "Umemaliza kusoma? Haya. Mimi ndiye niliyemvalisha, mimi ndiye nitakayemvua. Wewe niambie maji yawe moto kiasi gani." Tukafanya pamoja. Nilimpimia maji ya uvuguvugu kwenye sahani pana, diski ikaelea picha ikiwa chini, na gundi ya ngano ikaanza kulegea na kuwa uji. Yeye alitumia ncha ya kijiti cha piko, akizunguka polepole, akinong'ona kama anavyowanong'oneza maharusi wakati wa kuwavua vito: taratibu mama, taratibu, tumefika. Picha ya Skola na mumewe ikatoka nzima. Aliianika dirishani.

Nikaifuta diski kutoka katikati kwenda nje, nikaibana kati ya vioo viwili vya kabati lake, na juu yake tukaweka gunia la mchele. Mchele wenyewe ulikuwa wa Dakawa. Ulikaa pale siku kadhaa huku Bi Sikudhani akimkataza kila mtu kupika wali. Tulipoutoa, diski iliyolala juu ya kioo ilikuwa bado na kabembeo kadogo, kama ka mtoto anayejifanya amelala. Nikaiweka kwenye kompyuta, nikaiamuru isome kwa mwendo wa chini kabisa, na tukakaa tukitazama ile alama ikisogea. Kanisa likapita. Keki ikapita. Ilipofika kwa mzee Kobelo mashine ikakoroma, ikasimama. Bi Sikudhani akanishika mkono kwa kucha zake zote. Ikarudi nyuma kidogo, ikajaribu tena, ikasimama, ikajaribu tena. Kisha, bila kutuaga, ikaendelea, na ikamaliza.

Tukasikiliza neno lake wote, mimi, Bi Sikudhani na wanawake wa uani waliokwisha kuingia ndani bila kualikwa. Lilipokwisha hakuna aliyetania. Mmoja wao, aliyekuwa ameachwa na mumewe mwaka ule, alitoka uani na kuketi peke yake karibu na kinu.

Nilichoma nakala mpya kwa mwendo wa taratibu, nikaijaribu kwenye deki zote nilizoweza kuazima mtaani. Bi Sikudhani aliichukua, akautazama ule weupe wake, nikajua anachowaza. "Hapana," nikamwambia. "Najua hapana," akajibu. "Nitavalisha kasha. Mwanamke wa heshima huvaa baibui, ndani akabaki na mwili wake." Akalifunika kasha lile kwa lesi, akabandika picha ile ile aliyoianika dirishani, puleki pembeni, majina kwa piko. Tangu hapo makasha yetu yalijulikana mpaka nje ya mkoa, na kazi zikaja mpaka tukawa hatulali vizuri. Siku ya kumaliza matanga nilipanda Matombo nikiwa nimekaa mbele, pembeni ya dereva, na dereva hakusema lolote kuhusu kuogopa mlima. Sitaielezea siku ile. Ni ya ukoo wao. Nitasema tu kwamba Mama Skola aliposikia neno la kaka yake, aliomba lirudiwe, kisha akamgeukia mwanawe wa kumzaa na kumwambia, "Shikamoo, kaka."

Bi Sikudhani alishatangulia mbele ya haki. Kitambaa chake cha kufuma ndicho kinachoifunika deki yangu mpaka leo, na ndicho nilichoifungia Jumamosi iliyopita tulipopanda Matombo, safari hii kwa gari langu mwenyewe, lenye kiyoyozi. Vijana wangu walitandaza skrini kubwa chini ya maturubai, kisha wakagundua kwamba mashine yao haina matundu ya kuchomeka waya za deki, nyekundu, nyeupe na njano. Wakanitazama. Nilikuwa na kiunganishi mkobani, kwa sababu mimi ni nani? Na mfukoni nilikuwa na flashi yenye harusi nzima ya Skola, endapo diski ingenitia aibu mbele za watu, maana kujiamini na ujinga ni vitu viwili. Mama Skola, sasa kikongwe wa kushikwa mkono, alilifungua kasha lenye lesi iliyogeuka rangi ya chai, akanipa diski yeye mwenyewe. Ilikuwa nyeupe kama siku niliyoichoma.

Ikasoma. Mzee Kobelo akasimama na koti lake la rangi ya udongo, akanyanyua mkono, na sisi tuliokuwepo mwaka ule tukabana pumzi bila kupatana. Ikapita. "... ukichoka, jua kwamba njia ya kurudi ipo. Tunaifyeka kila mwaka. Hata asipopita mtu, tunaifyeka." Nilikwishalisikia neno lile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila mara namfikiria yule msichana niliyekuwa mimi, aliyeingia Morogoro na deki mapajani, akidhani amerudi kwa sababu ya diploma.

Kisha akasimama Feliksi. Watu humwita mzee Kobelo sasa, ana mvi na tumbo, na yeye ndiye mjomba wa bibi harusi. "Wakwe zetu," akasema. "Huyu mtoto tumewaazima. Hatujawauzia. Na wewe mjukuu wa mama yangu, ukichoka, jua kwamba ..." Hapo akaganda. Mkono juu, mdomo wazi, hapepesi hata jicho. Wakwe walitulia kwa heshima, wakidhani ndiyo desturi ya ukoo kunyamaza mahali pale, na kwa kweli nasikia Feliksi husimama hivyo kwenye kila harusi. Kijana wangu wa kamera ya angani akakimbilia mashine yake kuangalia kama imekwama. Sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kucheka, huku machozi yakitutoka, na kutoka kiti cha mbele Mama Skola akapiga fimbo yake chini.

"Endelea, kaka!"

Akaendelea.